Kibendera Kilichopanda Mapema

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi nyote mliofika kumsindikiza kaka yetu, familia imenipa mimi, dada yake ninayemfuata, kazi ya kusoma historia yake, kwa kuwa walionizidi elimu wote wanalia na mimi nilikwisha kulia jana, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba yetu seremala na mama yetu mkunga, na tangu utotoni alikuwa mwamuzi wa ugomvi usiomhusu, tabia ambayo mama alisema ama itampa kazi ama itamng'oa meno.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968, ambako alicheza mpira vibaya mno, hata mwalimu wa michezo akamwonea huruma akampa filimbi. Mwaka 1970 aliajiriwa katika duka la miwani karibu na stendi, akapima macho ya watu na kusaga lenzi mpaka alipostaafu mwaka 2009, huku akisomea uamuzi, na mwaka 1980 akapata beji ya kimataifa, akawa mshika kibendera, na mashabiki nao hawakukosa la kusema, kwamba mganga hajigangi na mpima macho haoni.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, ambaye alikwenda dukani pale kupimwa mara tatu ilhali macho yake ni mazima kama ya kunguru, wifi usinikate jicho, hilo mtaa mzima unalijua, na Mungu akawajalia watoto watatu na wajukuu saba.

Tarehe 21 Agosti 1983 alipangwa katika mechi ya kufuzu kombe la bara, kati ya nchi mbili za jirani, na ikiwa bado bila kwa bila, dakika za mwisho kabisa, mpira ulipigwa mbele kumwelekea mchezaji wa wenyeji aliyekuwa ameotea, marehemu akainua kibendera, kumbe yule akauacha mpira upite, mwenzake akatokea nyuma, ambaye hakuotea hata kidogo, akauchukua akafunga, filimbi ikalia, goli likakataliwa, na wenyeji wakakosa kufuzu.

Mfungaji yule, ambaye kwao walianza kumwita Kaotea, hata watoto wa mtaani, hakuwa na raha tena, na mwezi wa Novemba alivuka mpaka akaja kwetu na miwani iliyofungwa kwenye gazeti, akanikuta uani naanua nguo, akasema, "Dada, nimemletea kaka yako macho," nami nikamwambia kama ni ya kaka basi aache kunikazia mimi. Marehemu alipoingia aliipokea miwani ile, akaiinua kwenye mwanga, akasema kwa upole, "Lenzi ya kushoto ina mkwaruzo, shemeji, nitakubadilishia," na wakati huo hakuna aliyekuwa ametamka neno la ushemeji. Tulioana mwaka uliofuata, na miwani hiyo ndiyo aliyovaa mume wangu hapo mbele yenu.

Tangu hapo, kila walipokaa mezani, mume wangu aliuliza, "Shemeji, lile lilikuwa goli au halikuwa?" na marehemu akajibu, "Mechi imekwisha, shemeji, ongeza mchuzi," wala mume wangu hakutaka kikombe wala fidia, alitaka neno moja tu limvue lile jina, maana kwao alikuwa harudi ila kwenye misiba.

Mwaka 1994 marehemu aliacha kibendera akawa mtathmini wa waamuzi, akikaa peke yake jukwaani bila kushangilia, na baada ya mechi akiwaeleza vijana kwamba kusimama mahali pa kuotea si kosa, kosa ni kuingilia mchezo, hivyo mtu asubiri aone nani anaufuata mpira, na kwa kulirudia neno hilo wakamwita Mzee Subiri, wapo hapa, waulizeni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 3 Februari 2022, na Jumapili moja, mume wangu akiwa kando ya kitanda, akiona haya kumuuliza mgonjwa, ni marehemu mwenyewe aliyesema, "Shemeji, leo huulizi?" kisha akaendelea, "Lilikuwa goli, watathmini wa siku ile walinipa alama nzuri, lakini niliinua kabla sijaona, na kila kijana niliyemwambia subiri, nilikuwa najiambia mwenyewe, hili lisomwe mbele za watu." Nilidhani mume wangu atapiga vigelegele, kumbe alivua miwani, akaifuta, akasema, "Bora tungeendelea kubishana."

Marehemu alifariki tarehe 11 Februari, alfajiri, na mimi nimesoma kama alivyoagiza, kwamba mume wangu hakuotea, na anayetaka kubisha amfuate aliyesema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, wenzake wa duka la miwani, na chama cha waamuzi mliosimama naye hadi mwisho.

Pumzika kwa amani, kaka, tuko nyuma yako, ila hatuna haraka, wewe ndiye uliyetufundisha kusubiri.