Jiwe la Zafimanga

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo tunawasomea maisha ya ndugu yetu Botralahy, mwashi wa mawe, tunayemzika leo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 hapa Ambatolava, pwani ya Maroantsetra, mtoto wa pili wa Mzee Tombo na Mama Soavelo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaanza uashi mwaka 1936, na tarehe 4 Agosti 1945 akamwoa Vavisoa, wakajaliwa watoto wanne.

Kaka yake, Zafimanga, alipelekwa vitani Ufaransa mwaka 1939, na habari zake zikakatika. Mwaka 1958 kijiji kilipoamua kutengeneza bustani ya kumbukumbu ufukweni, pale vijana walipopandia meli, marehemu ndiye aliyesawazisha mchanga, akapanda mivinje, akasimamisha mawe ya wasiorudi. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, la kaka yako lisubiri," lakini yeye, akiona haya kuwa mjenzi ambaye ukoo wake hauna jiwe, alilisimamisha, akachinja ng'ombe, akawatangazia wazee waliotangulia kwamba Zafimanga yuko kwao.

Zafimanga alirudi kwa miguu yake tarehe 20 Oktoba 1961. Kwa mila yetu, aliyekwisha kutangazwa hurudishwa kwa walio hai na yule yule aliyemtangaza, akikiri mbele ya ukoo kwamba alisema uongo, na marehemu hakuthubutu. Ukoo hausomi haya kwa fahari. Kaka yake hakupewa shamba la karafuu, na wali wake uliwekwa, umepoa, kwenye pembe ya nyumba tunakowawekea waliokufa. Vijana walikuwa wakimsalimu, "Marehemu, umeamkaje?" naye akijibu, "Salama wanangu, ila kaburini kuna baridi," na Botralahy, kila akisikia, aliinama kama anayetafuta patasi yake.

Mwaka 1977 vumbi la mawe lilimharibu kifua. Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi tena kusimama, aliomba abebwe hadi bustanini na ukoo uitwe, akakiri akiwa ameshikiliwa na wanawe. Zafimanga alimwambia, "Umechelewa, mdogo wangu, lakini hata leo nina hamu ya wali wa moto." Botralahy alifariki tarehe 9 Juni 1979, alfajiri.

Tunawashukuru waganga wa zahanati, majirani waliombeba, na waashi wenzake waliochimba kaburi. Kumtangaza marehemu kwa wazee waliotangulia ni kazi ya ndugu aliye hai. Kaka Zafimanga, pita mbele.

Botralahy, lala kwa amani, anayekutangaza ni kaka yako.