Sajini Taib, Asiyeweza Kujificha Mji wa Kale

Leo, tarehe 30 Juni 1948, Sajini Taib anastaafu baada ya kuitumikia polisi Mombasa miaka ishirini na sita, kumi na tano kati ya hiyo katika kitengo chetu cha usalama. Waraka huu ni wa wafanyakazi wa kitengo peke yao, na sababu itaonekana mbele.

Alipohamia kwetu, kitengo kilikuwa meza moja nyuma ya chumba cha wapelelezi wa wizi. Vita vilipoingia tukagawanywa: wa bandari wakashika Kilindini na abiria wa meli, wa mji wakashika mitaa, na sisi wa masjala tukabaki na faili na vumbi. Taib akapewa mji, kwao alikozaliwa. Ni yeye aliyetufundisha kuiandika kila habari ya sokoni Marikiti ama upande wa aliyeona ama upande wa aliyesikia. Utaratibu huo tunaufuata hadi leo, ingawa upande wa pili ndio unaojaa.

Kasoro yake moja tuiseme, maana mwenyewe huicheka: hajui kujificha. Hatua chache Mji wa Kale, salamu; aulizwe hali, watoto na jamaa, naye aulize vivyo hivyo. Mwenzetu Dishon, mtu wa bara, aliwahi kwenda naye kumfuata mtu kwa siri. Walirudi na mkungu wa ndizi waliopewa na huyo huyo waliyekuwa wakimfuata.

Kasoro hiyo ndiyo iliyomwokoa Gaffar, muuza vitambaa. Mwaka 1942, wakati wa amri ya kuzima taa, ilisemekana dirisha lake la ghorofani linazipa ishara meli za adui: mwanga unatokea, unapotea. Hati ya kumtia kizuizini ilikuwa tayari mezani. Taib alitumwa kulitazama dirisha hilo, kwa amri kali kwamba asionekane.

Alionekana papo hapo. Gaffar alimkuta amesimama mlangoni, akadhani amekuja kumjulia hali mama yake, Bi Khatoon, aliyekuwa akiugua pumu. "Ndugu yangu Taib, umefanya vyema kuja kumwangalia mama! Pita juu." Angekataaje? Akapanda, akaketi, akapewa kahawa, na mbele ya macho yake bibi akalivuta pazia jeusi apate hewa, mwanawe akalirudisha. Ishara yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Taib angeweza kunyamaza akailinda kazi yake. Lakini aliyoyaona chumbani yasingekubaliwa bila kueleza alifikaje humo. Akaandika yote: kwamba alionekana, kwamba alikaribishwa. Mkubwa wake alighadhibika, akamvua tepe moja ya cheo, na haikumrudia mpaka vita vilipokwisha. Hati ikachanwa. Gaffar akabaki nyumbani kwake na mama yake.

Bi Khatoon ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Halua na kahawa ya leo ameleta Gaffar, kwa sababu, asemavyo, Taib ndiye mtu pekee wa serikali aliyekuja kumwangalia mama. Mengine hayajui. Kiapo chetu hakituruhusu kumwambia, wala Taib hajapata kumwambia. Kwa hivyo shukrani ambazo Gaffar angezitoa lau angejua, tunazitoa sisi kwa niaba yake, kwa moyo wote.

Sajini Taib, ahsante sana. Kapumzike, Mungu akupe afya na umri mrefu, na mitaani usalimiane na watu utakavyo, hakuna tena anayengojea ripoti yako. Na Gaffar akikumiminia kahawa leo, usikikatae kikombe chake. Umekistahili.

Nicanor, masjala