Wilondja, Mwalimu wa Injili Zisizofanana

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mwalimu Wilondja Asukulu anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha Agano Jipya katika shule yetu ya Biblia hapa kambini Dzaleka, Malawi. Vumbi la chaki alilokula linamtosha.

Huko Fizi, Kongo, alikuwa mwalimu wa historia. Hapa alianza na wanafunzi sita na mabenchi ya kuazima. Leo tuna hata darasa la Jumamosi kule Area 23, Lilongwe. Jumamosi moja akienda huko, minibasi ilimharibikia Lumbadzi, akapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na ramani yake ya Yerusalemu mgongoni. Alipofika, wanafunzi walishakwenda zao. Akamfundisha mlinzi.

Somo lake lilitutia jasho, na sababu tunaijua. Mkimbizi amezoea kuhojiwa. Kabla ya kwenda ofisini, familia hukaa ikapatanisha maneno, maana mkitofautiana kidogo tu, faili linakwama. Basi mwanafunzi mpya akiona Mathayo na Luka hawasimulii sawa kuzaliwa kwa Yesu, huanza kuwapanga kama anavyowapanga wanawe. Mwalimu alikuwa akicheka mpaka anatoa miwani. Kisha anaeleza: uliza kilichotokea, halafu uliza kwa nini huyu amekisimulia hivi. Historia na visasili, alisema, hulala nyumba moja.

Maneno hayo nusura yamfukuzishe. Mwaka wake wa nne, Mchungaji Ezechiel, mlezi wa shule, alisikia kwamba Injili zinaitwa visasili, akaitisha kikao cha kulifunga darasa. Mwalimu hakujitetea. Alimwomba tu mchungaji asimulie walivyovuka mto Ruzizi wakikimbia Uvira. Mchungaji akasema maji yaliwafika kifuani. Mkewe, Mama Régine, akasimama.

"Hapana, papa. Mi niliona maji inajitenga. Tulipita pakavu, na batoto bote."

Nani angemwita mama yule mwongo? Mchungaji alimgeukia mkewe.

"Tulivuka," akasema. "Ile njo kweli."

Darasa halikufungwa. Jumatatu mchungaji mwenyewe alikuja kukaa benchi la nyuma, na sasa ndiye anayelirithi. Tunamwombea asirithi tabia ya Mwalimu ya kusahau saa. Nsima zetu, ugali wa huku, zimepoa mara nyingi tukiwa bado Korintho.

Mwalimu, zikomo, aksanti sana. Inatuuma kukuachia, tusifichane. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na nsima ya moto kila siku.

Habari zako tayari tunazisimulia tofauti. Wengine wanasema ile Jumamosi ulifika Area 23 kwa kabaza jua likiwa bado juu; mlinzi anaapa ulikuja kwa miguu, gizani, ukiimba. Usitusahihishe. Ulifika.