Kasa wa Matofali

Charifa alipanda teksi mjini Hell-Ville, akabanwa nyuma kati ya watu wawili waliokuwa wakibishana kwa Kikomoro. Hamidou, mwenye mashua ya watalii, alikuwa amelikunjua bango lake jipya hadi likafunika magoti ya wote watatu.

"Bi Bahia, huyu ni kasa au rundo la matofali? Kesho nazindua mashua!"

"Kaka, ulinipa picha, na picha ni vidoti tu," akajibu mchapaji. "Ukiikuza, vidoti navyo vinakua. Nilitaka vekta, mchoro wa mistari ambayo kompyuta huichora upya kwa kila kipimo. Iwe kwenye kofia au kwenye tanga, ukingo unabaki laini."

"Kwenye simu alipendeza!"

"Kwenye simu hata mimi napendeza."

Charifa alicheka, kisha akalitazama bango vizuri. Kasa yule, licha ya matofali yake, alichorwa na yeye.

"Samahani," akasema, "mchoraji ni mimi. Nilimtumia mkeo, aliyeniagiza kazi hii, mafaili mawili, la picha na la vekta."

Hamidou akainamisha kichwa. "Lile la pili liligoma kufunguka," akasema taratibu. "Nikalifuta."

Teksi ikasimama Ambatoloaka, na Bi Bahia akashindwa kushuka kwa kicheko.