Mbwa Aliyempa Mabehewa Mgongo

Pale Makanyagio, kwenye kona ya duka la Mama Ndaki, kuna benchi la mbao lililokaliwa mpaka likang'aa. Wenyewe hujisifu kwamba hakuna swali lililowahi kufika pale likakosa jibu, hata kama jibu lenyewe halina kichwa wala miguu. Silvesta ndiye muuza kahawa, na birika lake halijawahi kupoa akiwepo mbishi wa kulinywea. Jioni hiyo kesi ilikuwa ya mbwa. Bartolomeo, mstaafu wa reli ambaye mji mzima unamwita Mabehewa, alikaa mwisho wa benchi akiangalia barabara kama wenzake. Nyuma yake alilala mbwa mzima wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, kidevu kimeanza mvi, uso kauelekeza uchochoroni na mgongo kampa bwana wake. Mbele yao ilisimama bodaboda ya Shadrack, na nyuma ya kiti limefungwa tenga la kubebea kuku. Tenga hilo ndilo lingemrudisha mbwa Magamba alikotoka. Mabehewa mwenyewe ndiye aliyeagiza, na sasa alikuwa anaikodolea macho kahawa yake bila kuinywa.

— Mzee Mabehewa, shikamoo tena, alisema Shadrack. Tunaondoka au hatuondoki? Jua linazama hili.

— Marahaba. Ngoja nimalize kahawa.

— Hiyo kahawa imeshapoa, mzee wangu.

— Basi ngoja nimalize iliyopoa.

Fabiani alicheka. Huyu ndiye wanayemwita Bunge, maana akishika hoja haiachii mpaka watu wasinzie.

— Hebu tuambie vizuri, Bartolomeo, alisema. Huyu mnyama kakukosea nini? Kakung'ata?

— Hajaning'ata.

— Kaiba nyama?

— Hata mfupa hajaiba.

— Sasa?

Mabehewa aligeuka kidogo, akamtazama mbwa. Mbwa hakumtazama.

— Hanitaki, alisema. Tangu nimemleta ananipa mgongo. Nikikaa uani, mgongo. Nikila, mgongo. Nikitembea ananifuata kwa mbali huko nyuma, mpaka kila saa nageuka kuangalia kama katoroka. Tulia alikuwa ananitazama usoni. Komesha ndiyo kabisa, ukimeza tonge naye anameza mate.

Tulia na Komesha, mbwa wake wa zamani, walijulikana pale. Walikuwa wanakuja na Mabehewa kila jioni, wanalala miguuni pake. Tulia alikufa kwa uzee. Komesha aligongwa na nyoka shambani, akafia mikononi mwa Mabehewa, na mzee yule alilia hadharani bila kumwonea haya mtu. Baadaye aliapa kwamba hafugi tena. Hata kitoto cha mbwa alichopewa bure alikikataa, kwa sababu aliona kitamtaka aanze upya kupenda kutoka mwanzo, na nguvu hiyo hana. Mpaka siku alipokwenda Magamba kununua maharage, akapita kwenye boma lililohamwa.

— Ulimkutaje vile? aliuliza Silvesta huku akimjazia kikombe, ingawa hadithi alikuwa ameshaisikia.

— Mwenye boma, Nyanda, na watu wake walishahama na ng'ombe. Zizi tupu, nyasi zimeanza kuota. Huyu kabaki amelala mlangoni pa zizi, kaligeuzia mgongo, anaangalia pori. Majirani wakanambia wamemwita mpaka wamechoka, hatoki. Wanamrushia makoko ya ugali, anakula palepale. Nikasema mimi sina mbwa, yeye hana mtu. Nikamfunga kamba, akaja.

— Si unaona! alisema Silvesta. Huyo ni wa wafugaji. Kazoea maziwa, wewe unampa ugali na dagaa wa Ikola. Mbwa wa maziwa ukimpa dagaa anakasirika.

— Dagaa anakula mpaka analamba sahani.

— Basi lugha, alidakia Shadrack. Huyo anajua Kisukuma tu, mzee. Wewe Mfipa unamwongelesha Kiswahili cha stesheni. Anakuona kama mtangazaji wa redio tu, anasikia sauti, haelewi habari.

— Skolastika anamwongelesha Kifipa, na mkia unatikisika.

Skolastika ni mke wa Mabehewa. Ndiye aliyempa mbwa jina la Shukuru siku ileile alipofika, kwa sababu nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno. Mabehewa mwenyewe jina hilo alikuwa halitumii. Alimwita "huyu". Mchana alipomwambia mkewe kuhusu tenga, mama yule hakubishana naye. Alimpikia mbwa uji mzito, akamwekea, akaingia ndani.

Bunge aliweka kikombe chini. Wenzake wakajua hoja inakuja.

— Nyie wote mmekosea. Sikilizeni. Kule hifadhini Katavi kuna simba wamevalishwa mikanda shingoni, ile ya kuwafuatilia walipo. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Sasa mbwa huyu kachunga ng'ombe porini, kapishana na simba wa mkanda. Mawimbi yakamwingia kupitia hilo sikio lililochanika. Anapokea mpaka leo! Ndiyo maana anaelekea upande mmoja tu, kama dishi.

— Kwa hiyo tukimgeuza tutapata mpira? aliuliza Shadrack.

— Cheka tu. Siku atakaponasa chaneli ya simba mwenyewe utanitafuta.

Hata Mabehewa alitabasamu. Watu hawa walikuwa wanamchosha, lakini mwaka ule wa nyoka ndio waliomchimbia Komesha kaburi, Bunge mwenyewe akiwa na jembe. Hakuwahi kuwashukuru kwa maneno. Alichofanya ni kuendelea kuja kubishana nao.

Silvesta hakutaka kupitwa.

— Mimi nasema ni Tulia na Komesha. Mbwa wanaona tusivyoviona. Wale wenyewe bado wapo hapo miguuni pako, mzee, na huyu anawaona. Kageuka kwa adabu. Nafasi ina wenyewe.

Hapo tabasamu la Mabehewa lilipotea. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akijiambia usiku. Labda nafasi ilikuwa imejaa kweli. Labda alikuwa amemtoa mnyama wa watu kwao, amemleta kukaa katikati ya huzuni isiyomhusu.

— Shadrack, alisema. Lete kamba.

Shadrack aliinuka taratibu, akaanza kufungua mdomo wa tenga. Ndipo alipofika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni na kapu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika wazee.

— Naitwa Pudensiana, nimetokea Kigoma. Nimeambiwa hapa napata boda ya kwenda Magamba, kwa dada.

— Umeipata, alisema Shadrack. Subiri tu nipakie mzigo.

— Mzigo gani?

— Huyo mbwa. Anarudishwa kwao, anampa mzee mgongo.

Pudensiana alimtazama mbwa. Kisha akafuata macho ya mbwa yalikoelekea.

— Kwani anaangalia nini huko?

Shadrack alikuna kichwa. Bunge alikohoa kama anayetaka kuanza hotuba, ila hotuba haikuja. Miaka yote waliyokaa kwenye benchi lile walikuwa wanaangalia barabara: nani kapita, nani kavaa nini. Nyuma yao kulikuwa na uchochoro mwembamba na kipande cha shamba la mahindi, na hakuna aliyewahi kugeuka kuutazama. Sasa wote waligeuka.

Hapakuwa na kitu. Kisha mahindi yakatikisika, akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Mbwa aliinuka. Hakubweka. Alipiga hatua akasimama kati ya yule mtu na mgongo wa Mabehewa, manyoya ya shingo yamesimama, akabaki hivyo mpaka baiskeli ilipopita na kuingia barabarani. Kisha akarudi kinyumenyume, akalala tena, uso uleule uchochoroni. Safari hii alilala karibu zaidi, na uti wake wa mgongo ukagusa kisigino cha Mabehewa.

Mabehewa aliliona tena lile zizi. Ng'ombe ndani, mbwa mlangoni, na pori mbele. Mbwa yule alikuwa amewapa ng'ombe mgongo maisha yake yote.

— Jamani, alisema. Mimi ndiye ng'ombe.

— Mzee? alishtuka Shadrack.

— Mimi ndiye ng'ombe wake. Ananichunga.

Mabehewa aliinama, akaweka kiganja juu ya mgongo ule wa vumbi. Ulikuwa na joto. Mbwa hakugeuka, ila mkia ulipiga ardhi. Mzee alimshukuru Mungu moyoni kwa wale wawili waliokuwa wakimtazama usoni, na kwa huyu aliyekuwa anatazama mahali pengine kwa ajili yake. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta haraka.

— Shadrack, kwenye tenga weka kapu la huyu dada. Huyu haendi popote.

— Hapo umenena, mzee!

— Mimi tangu mwanzo nilisema anapokea kitu, alisema Bunge.

Silvesta aliinua birika akalikung'uta juu ya kikombe. Lilitoa tone moja na machicha.

— Imeisha. Kesho mzee unakuja?

— Tunakuja, alisema Mabehewa. Twende, Shukuru. Mama anatusubiri.

Alijinyoosha, akashika njia ya nyumbani katikati ya barabara. Kwa mbali nyuma yake kucha zilisikika zikigusa changarawe. Bunge na wenzake walimtazama mpaka alipokata kona kwenye mashine ya kusaga. Hakugeuka hata mara moja.