Ukurasa Uliokuwa Mwepesi

Treni ya asubuhi ilikuwa nusu tupu. Mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mkunga mwenye sare na kijana aliyepakata kompyuta. Mkunga alichungulia skrini bila aibu. "Kumbe ni wewe unayetubadilishia tovuti ya kliniki!"

"Ni mimi, mama. Saa nne leo ile ya zamani inazimwa."

"Ya zamani ilikuwa maandishi na visanduku tu, mwanangu. Lakini mama akija na uchungu, nabonyeza mara moja naona kundi lake la damu, hata mtandao ukiwa wa kubahatisha." Aliisifu kama mtu anayemkumbuka rafiki wa shule. Nami nilikumbuka kompyuta za shuleni kwetu, ambako ukurasa ulifunguka kabla mwalimu hajageuka.

"Mpya ni nzito mara ya kwanza tu," kijana alijitetea. "Megabaiti nne. Ikishaingia, kila kitu kinafunguka papo hapo, hata mtandao ukikatika."

"Umeijaribia wapi?"

"Ofisini, kwa simu hii."

"Kwenye waifai! Na simu yako hiyo ya bei ya kiwanja!" Akatoa yake, yenye ufa. "Haya, ifungue hapa."

Waliinama pamoja. Kiduara cha kupakia kilizunguka kwenye skrini, kikazunguka. "Subiri kidogo, mama." "Mimi nitasubiri. Mtoto hasubiri."

Treni ikasimama. Mkunga alishuka, kiduara bado kinazunguka. Kijana, ambaye ofisi yake ilikuwa vituo viwili mbele, alifunga kompyuta akamkimbilia. "Mama, ngoja! Nataka kuona inachukua muda gani."