Neno Moja katika Barua ya Nakuru

Nje ya gereji ya Gurdip, mtaa wa Njoro mjini Moshi, palikuwa na benchi lililoundwa kwa ubao wa lori bovu, na kila Jumamosi alasiri wazee watatu walilikalia, wakanywa kahawa chungu na kuihukumu dunia. Wa kwanza alikuwa Gurdip mwenyewe, Kalasinga mwenye ndevu zenye harufu ya grisi, waliyemwita Injinia. Wa pili alikuwa Primus wa Kibosho, mstaafu wa reli, aliyeitwa Kipyenga. Wa tatu alikuwa Ebenezeri, aliyetumika miaka ishirini kama tarishi wa mahakama na hivyo kupachikwa jina la Wakili. Jumamosi moja ya mwaka 1975 akaja wa nne, rafiki yao wa siku nyingi, Ndelilio wa Masama, mzee wa kanisa ambaye kwa ukali wake walimwita Amri Kumi. Alikuja na barua ndani ya kitabu cha nyimbo. Alikuwa ameteremka mlima wote kwa basi, kwa kuwa huko kwake barua isomwayo na mmoja huwa imesomwa na kijiji kizima.

— Binti yangu Eliaichi amefariki, alisema. Huko Nakuru, Kenya. Homa ya mapafu.

Kikombe cha Primus kikasimama njiani.

— Pole, Mbe, mzee wangu. Pole sana. Ni yule wa...

— Yule yule.

Wote walijua kwamba mwaka 1964 Eliaichi alipata mimba nyumbani bila ndoa, kanisa likamtenga, na katika baraza la wazee mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba yake. Usiku wa siku hiyo haukumkuta tena nyumbani. Na desturi ya usharika ilikuwa moja: afaye akiwa ametengwa hapigiwi kengele, wala jina lake halisomwi Jumapili, isipokuwa pawe na ushuhuda kwamba aliishia katika mwenendo mwema. Kesho, baada ya ibada, wazee wangeketi. Tangu barua ifike, mama yake Eliaichi alikuwa ameuliza jambo moja tu: kengele italia?

— Aliyeandika ni mama wa Kizungu, mjane, akaeleza Ndelilio. Kiswahili chake nadhani ni cha kutumana jikoni, hakitoshi kuandikia msiba. Nami Kiingereza changu cha shule ya misheni kimenifikisha hapa kikaniacha.

Akaweka ukucha chini ya mstari: "We took her in."

— Nimeazima kamusi shuleni. Neno la kwanza, sisi. La pili, kuchukua. La tatu, yeye. La nne, ndani. Yote manne nimeyajua, na bado sijajua kitu. Tulimchukua ndani. Ndani ya nini?

— Lete hapa, alisema Ebenezeri. Hiyo ni lugha ya mahakama. Kuwekwa ndani! Hati za namna hiyo nimezibeba mpaka viatu vikaisha soli. Mtu akichukuliwa ndani, amechukuliwa na polisi.

— Wakili, huoni mwenzio ana msiba?

— Mimi nasema sheria, Kipyenga. Simsemi mtu.

Ndelilio akauondoa ukucha kwenye mstari. Binti aliyefia jela hapigiwi kengele.

— Usimsikilize huyu mbeba bahasha, alidakia Gurdip. Mimi kila siku nasoma vitabu vya mashine, Kiingereza tupu. Injini inachukua hewa ndani, inaichoma, inatoa moshi. Basi, mji ulimvuta, ukamchoma.

— Injinia, mtoto wa watu si kabureta!

— Mfano tu, bwana! Mfano!

Primus akasogea mbele, sauti ameishusha kama mtu wa maungamo.

— Sikilizeni. Mjane ni mmoja, sivyo? Mbona kaandika "sisi"? Hao ni masista. Wamemwingiza ndani ya nyumba ya watawa. Mbe, binti yako amekufa sista wa Roma.

— Mlutheri wa Masama awe sista! Ebenezeri alicheka mpaka akakohoa. Kipyenga, treni yako imeacha reli.

Siku nyingine Ndelilio angesimama amkemee Primus mbele ya watu. Leo alijikuta anaomba kimoyomoyo iwe kweli, akashangaa jinsi Bwana alivyomshusha chini.

— Ama ni mumiani, aliendelea Ebenezeri, kwa kuwa ulimi ulikwisha kushika mteremko. Hamkumbuki zamani? Watu walichukuliwa ndani ya nyumba za Wazungu, wakanyonywa damu...

— Ebenezeri! Gurdip aligonga benchi kwa spana. Baba mtu amekaa hapa!

Kahawa ilikuwa imemwagikia suruali ya Ndelilio. Hakuifuta.

Hapo ndipo alipofika Yuditha, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mgeni wa mwezi mmoja Njoro, aliyekuja kuchukua baiskeli yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Ndelilio, akamnyooshea barua bila kueleza zaidi. Mstari huu unasemaje?

Yuditha akausoma mara moja.

— Haya maneno mawili, "took" na "in", hutembea pamoja, mzee. Ukiyatenganisha yanakufa. Maana yake walimpokea. Mtu yuko nje, hana pa kwenda, wao wakamfungulia na kumfanya mtu wa nyumbani. Hata Biblia ya Kiingereza inayo, pale Bwana anapotenga kondoo na mbuzi, akimtaja mgeni aliyepokelewa.

Ndelilio alipajua mahali hapo. Alikuwa amepasoma madhabahuni, na kuwakaririsha watoto wa kipaimara kwa fimbo. Miaka yote hiyo alimwona Mfalme katika kiti cha enzi. Sasa alimwona huko Nakuru, kwa sura ya binti yake, mlangoni mwa mjane, amelowa mvua, miguu imevimba, ana mimba ya miezi sita.

— Kwa hiyo alikaa nyumba ya heshima! Primus alipiga makofi. Mbe, kengele italia!

— Italia, alisema Ebenezeri, macho chini. Unisamehe, ndugu yangu.

Yuditha, ambaye hakujua habari yoyote, aliikunja barua taratibu.

— Lakini mzee, huyu binti hakuwa na kwao?

Gurdip akaanza kupangusa spana ambayo ilikuwa safi. Primus alitazama barabara. Ndani ya gereji tairi moja ilikuwa ikijazwa upepo.

— Mwalimu, alisema Ndelilio, kaa kidogo. Mama huyu lazima nimjibu kwa lugha yake. Hilo la kupokea nimelielewa. Nifundishe sasa neno linalosemwa kwa baba aliyemtoa mtoto nje, akafunga mlango.

Yuditha akatoa penseli. Alilijua. Nalo lilikuwa la maneno mawili, mepesi, la pili likiwa "out", nje. Lakini alipomtazama mzee usoni, penseli ilibaki juu ya karatasi.

— Andika tu, mwanangu, alisema Ndelilio. Nitalisoma mwenyewe, kwa sauti.